Wafadhili wa sanaa za asili: nani anaweka hela pale panapotakiwa

Wadau, hii rivyu ni ndefu kidogo mnivumilie, maana jambo lenyewe liko moyoni mwangu sana. Mimi hukaa na vikundi vya sanaa za asili, wapiga ngoma, wasusi, wafinyanzi, waimbaji wa nyimbo za zamani, nawasaidia kuandika maandiko ya kuomba ruzuku. Kwa hiyo hii mifuko naijua kwa upande wa muombaji, yule anayejaza fomu usiku na kesho yake anaanza kusubiri majibu. Na swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile, "sasa sisi tuombe kwa nani?" Watu wakiona nembo kwenye bango wanadhani wafadhili wote ni wamoja. Wanatofautiana mno, na kikundi kikikosea mlango kinapoteza mwaka mzima na ari yote inaisha.

Kipimo changu ni kimoja tu na nitakitumia kwa wote. Mradi ukiisha, hela zimeisha, ripoti imeshatumwa, je, yupo mtu mpya anayeijua ile kazi ambaye mwanzo alikuwa haijui? Kama yupo, huyo mfadhili kafanya kazi. Kama hayupo, hata kama palikuwa na jukwaa la nguvu, taa, maspika na wageni rasmi, mimi nyota zangu nazibana.

Nasema hivi kwa sababu tamasha ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kukifadhili. Lina tarehe, lina picha, lina idadi ya watu waliohudhuria, mfadhili anapata cha kuweka kwenye ripoti yake ya mwaka. Kumlipa mzee mmoja akae na kijana mmoja jioni kwa jioni miezi minane, mara zote wakirudia kipande kile kile cha wimbo hadi kijana apate pale pa kupumulia, hiyo haina picha ya kuvutia. Lakini ndipo sanaa inapohamia kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Matamasha siyachukii jamani, nayapenda, msanii anahitaji watu wa kumsikiliza, ila ukifadhili jukwaa tupu bila kufadhili mafunzo, miaka kumi ijayo hutakuwa na wa kupanda hapo jukwaani.

Haya, nianze na mkubwa wao, Mfuko wa Urithi wa Utamaduni Usioshikika wa UNESCO. Huu ulizaliwa na Mkataba wa 2003, ule wa kulinda vitu kama ngoma, masimulizi, mila za sherehe, ujuzi wa ufundi. Mkataba ulianza kufanya kazi 2006 na sasa nchi zaidi ya 180 zimeingia, Uingereza imejiunga juzi juzi tu 2024, Marekani haimo kabisa. Hela ya mfuko inatoka kwa nchi wanachama, na mchango huo umewekewa ukomo, hauzidi asilimia 1 ya kile nchi inachotoa kwenye bajeti ya kawaida ya UNESCO. Kwa hiyo jina ni kubwa ila kapu lenyewe si kubwa kama watu wanavyodhani.

Kitu cha kwanza cha kuelewa, na hapa ndipo vikundi vingi vinakwama: wewe kama kikundi huombi moja kwa moja. Anayeomba ni nchi. Andiko lako linapita kwenye wizara au ofisi ya utamaduni, wao ndio wanalituma. Ukiwa na afisa anayeipenda kazi yake, hapo umepata. Ukikuta afisa ambaye andiko lako limelala chini ya mafaili mengine, utazeeka nalo. Fomu yenyewe inaitwa ICH-04, ina jedwali lake la bajeti na ratiba, na inajazwa kwa Kiingereza au Kifaransa tu. Fikiria mzee anayejua nyimbo mia kwa lugha yake, halafu maelezo ya hizo nyimbo yanatakiwa kwa lugha ambayo hajawahi kuiongea maishani mwake. Hapo katikati lazima awepo mtu wa kuandika, na huyo mtu mara nyingi halipwi, au analipwa kuliko mzee mwenyewe, na yote mawili ni mabaya.

Cha kusifia kipo, tena kikubwa. Maombi yasiyozidi dola 100,000 yanaweza kutumwa wakati wowote wa mwaka, yanaamuliwa na kamati ndogo wanayoiita Ofisi, huhitaji kusubiri kikao kikubwa cha mwaka. Zamani ukomo huo ulikuwa dola 25,000, ukapandishwa 2016. Yanayozidi hapo yana tarehe ya mwisho, 31 Machi, na yanaenda kwenye Kamati yenyewe. Ushauri wangu wa wazi kabisa, omba chini ya ukomo, hata kama ndoto yako ni kubwa. Na wanataka kuona kwamba wenye sanaa yao wameshiriki kuandaa andiko na watakuwemo kwenye utekelezaji. Hili sharti watu wanaliona usumbufu, mimi nalipenda kwa moyo wote, limezuia miradi mingi ambayo wataalamu wa mjini wanaandika kuhusu watu ambao hata hawajaongea nao.

Mfano ninaoutumia kila nikifundisha ni wa Bigwala, tarumbeta za vibuyu za Busoga kule Uganda. Kila tarumbeta inatoa sauti moja tu. Mtu mmoja hawezi kupiga wimbo, wanatakiwa watano au zaidi wapokezane, huyu anapuliza yake, yule anajibu yake, na wimbo unajitokeza katikati yao. Ulikuwa muziki wa sherehe za kifalme na misiba ya wafalme, na falme za Uganda zilipofutwa kwa katiba ya 1967 muziki nao ukakosa mahali pa kupigiwa. Ulipoingizwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji ulinzi wa haraka mwaka 2012, mafundi wakongwe wenye ujuzi kamili walikuwa wamebaki wanne. Wanne, na seti inataka watu watano. Yaani hata wakikusanyika wote bado hawatoshi kupiga wimbo wao wenyewe.

Baadaye mfuko ukatoa dola 24,990. Iangalieni hiyo namba vizuri, dola kumi chini ya ukomo wa wakati ule, aliyeandika bajeti alijua anachofanya na nampa heshima yake. Kwa hela hiyo wazee wakafundisha vijana, na sehemu ya kazi ilikuwa kulima vibuyu, maana bila vibuyu vya umbo na urefu unaotakiwa hakuna tarumbeta, na tarumbeta ikikosekana mafunzo ni maneno matupu. Hapa ndipo nampenda mfadhili. Amekubali kwamba bajeti ya muziki inaweza kuwa na mstari wa mbegu na shamba. Wafadhili wengine wangekwambia nenda wizara ya kilimo.

Nyota nne kwa UNESCO. Ya tano naibania kwa sababu ya mwendo. Ni taratibu mno, andiko likiwa na kasoro linarudishwa kurekebishwa, na kama fundi wako ana miaka themanini na zaidi, kusubiri kwenyewe ni hatari. Ukiamua kuomba huku, anza mafunzo kidogo kidogo na hela ya kujichanga kabla majibu hayajaja, usimwache mzee anasubiri barua.

Sasa twende Marekani, na hawa nimewasoma sana kwa sababu mfumo wao una kitu ambacho natamani kila nchi ingekichukua. Serikali yao ina mfuko wa taifa wa sanaa, National Endowment for the Arts, na ndani yake dawati la sanaa za asili ambalo Bess Lomax Hawes aliliongoza tangu 1977 hadi 1992. Chini yake ndipo ilipoanza tuzo ya National Heritage Fellowship mwaka 1982, watu 15 kwa mkupuo wa kwanza, akiwemo Bill Monroe wa bluegrass, muziki wa asili wa vyombo vya nyuzi wa kule kule Marekani, na baadaye wakaja akina John Lee Hooker, Elizabeth Cotten, B.B. King. Lakini usidhani ni ya wanamuziki maarufu tu, humo wapo wasusi wa vikapu, watengeneza boti, wafuma vitambaa, watu ambao nje ya jamii yao hakuna aliyekuwa anawajua. Tuzo ni dola 25,000, unapewa mara moja, na unapendekezwa na watu wengine. Ni heshima nzuri. Ila kwa kipimo changu heshima peke yake haifundishi mtu, kwa hiyo tuzo hiyo naipa tatu.

Kinachonifurahisha mimi ni kile cha chini yake, programu za uanagenzi zinazoendeshwa na majimbo. Utaratibu ni mwepisi hadi unashangaa kwa nini haupo kila mahali: fundi na mwanagenzi wanaomba pamoja, watu wawili, andiko moja. Wanasema watafundishana nini, mara ngapi, kwa miezi mingapi. Fundi analipwa kwa muda wake, mwanagenzi anasaidiwa vifaa na nauli, na mtaalamu wa sanaa za asili anakwenda kuwatembelea aone kazi inavyokwenda. Virginia wanayo tangu 2002, na California kuna shirika linaitwa Alliance for California Traditional Arts, lilianzishwa 1997, hao wamejenga kazi yao kubwa juu ya hilo hilo la fundi na mwanafunzi wake, na jimbo lile lina wahamiaji wa kila kona ya dunia kwa hiyo unakuta sanaa kutoka mabara yote zinafundishwa humo. Hakuna kikundi cha kusajili, hakuna akaunti ya saini tatu, hakuna bango. Nyota tano, tena kwa mikono miwili.

Jambo lingine zuri la mfumo ule ni kwamba kisheria asilimia 40 ya hela za ruzuku za mfuko wa taifa zinakwenda kwenye mashirika ya majimbo na ya kanda. Mashirika ya kanda yapo sita, na mmojawapo, Mid Atlantic Arts, una programu maalumu ya mila za Appalachia ya kati, yaani sehemu za Ohio, Virginia na West Virginia. Hii ya kushusha hela hadi karibu na watu ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mtu aliye karibu anajua kwamba fulani ndiye fundi wa kweli na fulani ni mwenye maneno mengi. Aliye mbali anasoma andiko tu, na mwenye maneno mengi ndiye anayeandika vizuri.

Lakini, na hapa niseme ukweli, Mei 2025 mfuko ule wa taifa ulituma imeili za kusitisha ruzuku kwa mamia ya mashirika. Watu walikuwa katikati ya miradi. Mwenye mfadhili mmoja tu ndiye aliyeumia zaidi, na hili halihusu Marekani peke yake, serikali yoyote inaweza kubadili mawazo asubuhi moja. Kwa hiyo nyota tano nimezitoa kwa muundo wa uanagenzi, ila kwa uhakika wa hela yenyewe siwezi kumhakikishia mtu.

Wanaonivutia kwa uhakika ni Japani na Korea Kusini, japo hizi si mifuko ya kuomba, ni mifumo ya serikali kwa raia wao. Japani ina sheria ya 1950 ya kulinda mali za utamaduni, na humo wanawatambua mafundi wakuu ambao watu huwaita hazina hai za taifa. Kila mmoja anapewa yeni milioni 2 kwa mwaka kwa ajili ya kuendeleza ujuzi na kufundisha warithi, na anatakiwa kueleza amezitumiaje. Bajeti imewekewa ukomo, watu 116 kwa wakati mmoja, kwa hiyo nafasi hupatikana aliyekuwemo anapofariki. Hilo la kusubiri mtu afe mimi linanichoma, ila ule mkondo wa hela ya kila mwaka, bila kuandika andiko jipya kila msimu, ndiyo kitu fundi anachohitaji. Akili inatulia, anachukua mwanafunzi leo akijua mwaka kesho bado ataweza kumlisha.

Korea wao walitunga sheria yao 1962, na wamelifunga jambo vizuri zaidi: mwenye sanaa anapata posho ya kila mwezi, na kufundisha ni wajibu wake. Wanafunzi nao wana ngazi, unaanza mwanagenzi, unafuzu, unakuwa msaidizi wa kufundisha, hadi siku moja wewe mwenyewe unatambuliwa. Yaani mfadhili hakuishia kumlipa mzee, ametengeneza na njia ya kijana kupanda. Ndio waliopeleka hilo wazo UNESCO mwaka 1993 na likawa programu ya kuhamasisha nchi nyingine zifanye hivyo. Lawama niliyonayo ni moja: ukishamtambua mtu mmoja kama mwenye sanaa rasmi, namna yake ya kucheza au kuimba inageuka kuwa ndiyo sahihi, na namna za wengine zinaanza kufifia kwa kukosa posho. Nyota nne na nusu.

Wengine niwapitie haraka. Prince Claus Fund ya Uholanzi, ipo tangu 1996, ina tuzo za Seed za euro 5,000 kwa watu 100 kila mwaka, na hela ni yako, hawakupangii uitumieje. Hiyo imani wanayoonyesha ni nadra sana kwa wafadhili. Ila ni ya wanaochipukia, wenye miaka michache kwenye kazi, na si ya sanaa za asili peke yake, kwa hiyo mzee wako haingii, mjukuu wake anayechanganya ya kale na ya leo ndiye anaweza kujaribu. Nyota nne kwa vijana.

Halafu kuna Endangered Archives Programme ya maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, inaendeshwa kwa hela za Arcadia, mfuko wa hisani, tangu 2004. Hawa wanalipia kupiga picha na kuhamisha kwenye dijitali nyaraka na rekodi za sauti zilizo hatarini. Ninachowapendea ni kwamba vitu asili haviondoki nchini, nakala tu ndiyo inayowekwa kule London na nyingine inabaki nyumbani, na kila mtu anaweza kuangalia bure mtandaoni. Kama una kanda za zamani zinazoota ukungu, nenda huku usiende kwingine. Kama unataka kufundisha vijana, si mahali pake, na usijaribu kulazimisha andiko, watalirudisha.

Niongeze jambo la masharti, maana ndilo linaloua vikundi kimya kimya. Kuna mfadhili mmoja, jina naliacha, alikubali mradi wa kikundi cha ngoma nilichokuwa nakisaidia, furaha tele, kumbe utaratibu wake ni unatumia kwanza halafu unarudishiwa. Kikundi cha watu wasio na akiba kinatumia nini kwanza? Wakakopa. Kisha ikaja ya risiti. Ngozi ya ngoma wameipata kwa mchinjaji anayewauzia siku zote, mti wameukata kwa ruhusa ya mwenye shamba kwa makubaliano ya mdomo, gundi ni utomvu wameuchemsha wenyewe. Mhasibu anataka risiti yenye muhuri na bei za wauzaji watatu walioshindana. Wauzaji watatu wa utomvu! Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mtulivu sana, alimjibu kwa upole kabisa kwamba kama anataka risiti wanunue ngoma ya dukani, nayo haitalia kama hii. Mwishowe ikabidi tuandike fomu za malipo zilizosainiwa na shahidi, zikakubaliwa, lakini baada ya vuta nikuvute ambayo iliwafanya wawili watatu waseme hawaombi tena ruzuku maishani.

Ndiyo maana sasa kabla hatujaandika hata mstari mmoja naanza na maswali ya hela inavyotoka. Inatoka mwanzo au mwisho, na kwa awamu ngapi? Mafunzo yanaruhusiwa kuwa mstari wa bajeti, au wanataka "semina"? Malipo ya fundi yanahesabiwa kama mshahara wa mtaalamu au wanakuambia ni mchango wa jamii? Hilo la mwisho naomba mlishikilie sana. Mshauri anayekuja siku mbili na kompyuta mpakato analipwa kwa siku, na hakuna anayeuliza. Mzee aliyebeba sanaa ya vizazi anaambiwa ajitolee kwa sababu ni utamaduni wake. Mfadhili yeyote anayekataa kumlipa fundi kama mtaalamu, kwangu hapati zaidi ya nyota moja, hata awe na jina kubwa namna gani.

Na rekodi zitakazopigwa wakati wa mradi ni za nani? Wengine kwenye mkataba wanajiandikia haki zote. Soma hapo mara mbili, mwite mtu mwingine naye asome, na kama wimbo ni wa siri au wa ibada useme mapema kwamba huo haurekodiwi. Wafadhili wa maana hawakatai. Nimeona wakikubali kubadilisha kipengele kwa barua moja tu, tatizo ni kwamba vikundi vinaogopa kuuliza vikidhani vitanyimwa.

Kwa hiyo kwa wale wanaoniuliza tuombe kwa nani: kama nchi yako ina programu ya fundi na mwanagenzi, hata ndogo, anza nayo hiyo, andiko ni fupi na hela inafika kwa mtu anayetakiwa. Kama haina, na fundi mmebakiwa naye mmoja au wawili, muoneni afisa utamaduni mapema mkiwa na barua ya ridhaa ya wazee mkononi, ombeni UNESCO chini ya dola 100,000 na wekeni kila kitu ambacho sanaa inategemea, mti, udongo, mbegu, ngozi, nauli ya kijana. Kama mna kanda za kuokoa, hao wa nyaraka. Kijana anayeanza kutengeneza kitu chake ajaribu Prince Claus. Na mwenye uzoefu na mfuko mwingine ambao unalipa mafundi vizuri aandike hapa chini, hasa aseme hela ilitoka kabla au baada, kuna vikundi viwili vinasubiri hayo majibu kwangu wiki hii.